Kitamu Kina Siku Yake



Katika kliniki ya kisukari na presha, swali ambalo sisi wauguzi tunaulizwa mara nyingi ni hili: "Sista, kwa hiyo sitakula tena kitu kitamu mpaka nife?" Anayeuliza huwa amekwisha kukata tamaa. Amesikia kwa majirani kwamba mgonjwa wa sukari hali hiki, hali kile, wala hagusi chochote cha sherehe. Baadhi yao huacha kliniki kwa sababu hiyo tu. Wanaona afadhali waishi siku chache kwa furaha kuliko nyingi kwa kunyimwa.

Upande wa pili wapo wazazi ambao mtoto wao wa miaka miwili anashinda na pipi mdomoni, na chakula kikiletwa hataki. Ukiwauliza, wanajibu: "Analia akinyimwa."

Watu hawa wawili wanaonekana tofauti, lakini wamekosa jambo moja: kipimo. Basi mwezi huu tujifunze kipimo. Somo letu kwa kifupi ni kwamba kitamu si sumu, na mtu mzima wa afya, hata mgonjwa, anaweza kukifurahia. Kinacholeta madhara ni kitamu kilichoacha siku yake na kugeuka chakula cha kila siku.

1. VITAMU NI NINI?

Tunaposema vitamu hatusemi vya sukari tu. Ni kila chakula au kinywaji ambacho mtu hakitumii kwa ajili ya kushiba bali kwa kufurahi: soda, keki, pipi, biskuti, maandazi, chipsi, mishikaki, nyama choma, asali, maji matamu ya ndizi mbivu, na senene wakati wa msimu wake.

Wazee wetu wa Ngara na Biharamulo nao walikuwa na vitamu vyao. Mbuzi alichinjwa alipofika mgeni au palipokuwa na shughuli ya ndoa. Asali ilirinwa kwa majira yake. Ndizi mbivu zilikamuliwa watu walipokutana. Vitu hivyo vilikuwa adimu, na uadimu wenyewe ndio uliokuwa kipimo.

Leo mambo yamebadilika. Soda na biskuti ziko katika kila duka la kijiji. Katika vituo vya barabara kuu, kama Nyakanazi, Lusahunga na Benaco, vikaango viko motoni mchana na usiku kwa ajili ya madereva na abiria. Zamani uhaba ulitupangia kipimo. Sasa inatupasa tujipangie wenyewe.

2. HESABU YA KIJIKO

Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi za sukari. Soda ya kawaida ya mililita 300 ina zaidi kidogo ya gramu 30, yaani kama vijiko 8. Mtu akiambiwa atie vijiko 8 katika glasi moja ya maji atakataa, lakini katika soda hunywa bila kujua, kwa sababu ubaridi na ule uchachu wake vinaficha utamu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda, isizidi sehemu 1 ya 10 ya nguvu yote ambayo mtu anaipata kutoka katika chakula cha siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hizo ni gramu 50, kama vijiko 12. Shirika hilo likaongeza kwamba ikiwa nusu ya hapo, yaani vijiko 6, ni bora zaidi.

Sasa tuchukue mfano wa baba mmoja anayekunywa chai mara 3 kwa siku, kila kikombe vijiko 3. Kwa siku ni vijiko 9, yaani gramu 36. Kwa mwaka mzima ni kilo 13 na zaidi kidogo. Baba huyo huyo huhudhuria sherehe 6 kwa mwaka, na katika kila sherehe hunywa soda 2. Sukari ya soda zote hizo 12 haifiki hata nusu kilo.

Akiambiwa apunguze sukari, huyu baba anafanya nini? Anakataa soda ya Krismasi mbele ya wanawe, watu wote wanamhurumia, kisha jioni anarudi kwenye chai yake ya vijiko 3. Amejinyima nusu kilo, amebaki na kilo 13. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunapigana na sikukuu, tunaiacha siku ya kawaida ipite bila kuulizwa.

Angepunguza kijiko kimoja tu katika kila kikombe, angeokoa kilo 4 na zaidi kwa mwaka. Kaya ya watu wazima 5 wakifanya hivyo, ni zaidi ya kilo 20, na fedha yake inanunua mayai au dagaa. Msipunguze kwa ghafla. Anzeni na nusu kijiko, na baada ya wiki chache nusu nyingine. Ulimi huzoea, na chai ya zamani mtaiona imezidi utamu.

3. KUZIDISHA KUNAFANYA NINI MWILINI?

Si kweli kwamba kipande cha keki humletea mtu kisukari. Kisukari cha ukubwani huja taratibu, na kina sababu zaidi ya moja: urithi wa ukoo, umri, kutoushughulisha mwili, na unene, hasa wa tumboni. Sukari, mafuta na pombe vikizidi kila siku huleta unene huo, na vinywaji vya sukari ndivyo rahisi kuzidisha, maana havishibishi. Mtu anakunywa soda na bado anamaliza sahani yake yote ya chakula.

Msidhani haya ni magonjwa ya watu wa Dar es Salaam peke yao. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kati ya Watanzania 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, kama 9 walikuwa na kisukari, na kama 26 walikuwa na shinikizo la damu. Wengi huwa hawajijui mpaka miguu imekufa ganzi au macho yameanza kufifia.

Chumvi nayo tuiangalie. Kiasi cha siku kwa mtu mzima kisizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa jikoni. Nyama choma yenye chumvi na chumvi nyingine pembeni ya sahani, ikiwa kila jioni, inaipandisha presha. Dereva au mfanyabiashara anayekula njiani siku zote afanye chaguo: mishikaki kwa ndizi za kuchoma na kachumbari, badala ya chipsi zilizolowa mafuta, na maji ya kunywa badala ya soda. Bado amekula vizuri na amefurahi.

Mwisho ni meno. Vijidudu vya mdomoni hugeuza sukari kuwa tindikali, na tindikali hiyo hulila jino kwa kama nusu saa baada ya kila mlo wa sukari. Kwa hiyo anayekula pipi 5 kwa pamoja baada ya chakula huyaumiza meno yake kidogo kuliko anayemung'unya pipi moja moja kutwa nzima. Kitamu kikifuata chakula, kisha mtu akasukutua kwa maji na jioni akapiga mswaki, meno hupona.

4. MTOTO NA TUMBO LAKE DOGO

Hapa nawaomba akina mama na akina baba msome kwa makini, kwa sababu madhara ya mtoto hayasubiri uzee.

Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika mkoa wetu wa Kagera, kama watoto 42 kati ya 100 wenye umri chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Ni mkoa wa mvua, wa migomba, maharage na maziwa! Udumavu una sababu nyingi, kama vile magonjwa ya mara kwa mara, lishe duni ya mama mjamzito, na kulishwa aina moja ya chakula. Lakini mojawapo tunayoweza kuizuia leo ni kulijaza tumbo la mtoto kwa vitu visivyojenga.

Tumbo la mtoto wa miaka miwili ni dogo. Likijazwa soda, juisi ya boksi na biskuti saa nne asubuhi, saa saba halina nafasi ya maharage, mchicha wala yai. Mama anasema, "Mtoto hana hamu ya kula." Hamu anayo, ila imekwisha kununuliwa dukani. Linganisheni bei sokoni kwenu: mara nyingi fedha ya soda moja inatosha kununua yai, au fungu la karanga, au maziwa kikombe.

Shikeni mambo haya manne:

a) Mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili hahitaji soda, pipi wala sukari katika uji. Ulimi wake haujui, basi msiufundishe. Uji utiwe maziwa, au karanga zilizosagwa laini sana, au ndizi mbivu iliyopondwa.

b) Asali asipewe kabisa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata kwa kulambishwa tu kama dawa ya kikohozi. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo mtu mkubwa havimdhuru, lakini kwa mtoto mchanga huleta ugonjwa wa kulegea mwili ambao unaweza kumuua.

c) Pipi na karanga nzima zisipewe watoto wadogo, maana hupalia na kuziba koo.

d) Msimpe mtoto kitamu kama mshahara: "Ukimaliza mboga nitakupa biskuti." Hapo mmemfundisha kwamba mboga ni adhabu na biskuti ni tuzo. Siku ya kitamu ikifika, apewe pamoja na wengine, afurahi, yaishe.

5. VITAMU VYA KWETU

Watu wengine wanafikiri kitamu lazima kiwe na karatasi ya kung'aa. Tuangalie tulivyo navyo.

Matunda. Nanasi, pasheni, embe, papai na ndizi mbivu ni vitamu na vinalinda mwili. Tunda likiliwa zima, nyuzinyuzi zake hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Likikamuliwa, nyuzinyuzi hubaki kwenye makapi na sukari huingia haraka. Kwa hiyo maji ya ndizi mbivu, ingawa hayakutiwa sukari yoyote, yahesabiwe pamoja na soda: glasi moja siku ya furaha, si jagi.

Senene. Hawa ni zawadi ya mvua, hasa mwezi wa Novemba na Desemba, na tena mwezi wa Aprili na Mei. Wana protini nyingi na mafuta mengi. Wakaangeni kwa mafuta yao wenyewe; hakuna haja ya kuongeza mengine, na chumvi iwe kidogo. Anayevimba midomo, kuwashwa mwili au kubanwa pumzi baada ya kuwala asiwale tena, na akibanwa pumzi awahishwe hospitali.

Karanga na parachichi. Vina mafuta mazuri na vinashibisha. Kiganja kimoja cha karanga au nusu ya parachichi kinatosha kwa mara moja. Karanga zenye ukungu zitupwe. Kuzikaanga hakuondoi sumu yake.

Asali. Ni tamu, ina harufu nzuri, lakini kwa hesabu ya mwili ni sukari. Atakayeitia katika chai aitie badala ya sukari, asiitie juu ya sukari.

Pombe. Anayekunywa asinywe tumbo likiwa tupu, wala asinywe kila siku. Mama mjamzito asinywe kabisa.

6. MGONJWA WA KISUKARI KATIKA SHEREHE

Tuchukue mfano wa mzee anayetumia dawa za kisukari. Mjukuu wake anapata Kipaimara. Asubuhi mzee anachoma sindano yake ya insulini kama kawaida, kisha anaamua: "Leo kuna vitamu vingi, nisile kitu nisije nikajaribiwa." Misa inachukua muda, chakula kinachelewa mpaka saa tisa. Mzee anaanza kutetemeka na kutoka jasho, anazungumza maneno yasiyoeleweka. Watu wanadhani amelewa.

Huyu sukari yake imeshuka, na kushuka huko kunaweza kumuua siku hiyo hiyo. Hatari hii iko kwa wanaotumia insulini na wanaotumia aina fulani za vidonge. Muulizeni muuguzi kama dawa yenu ni mojawapo.

Cha kufanya: akiwa na fahamu na anaweza kumeza, apewe mara moja vijiko 3 au 4 vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu ya soda ya kawaida. Baada ya dakika 15, kama hajapata nafuu, apewe tena. Akipata nafuu ale chakula cha kushibisha. Akiwa amepoteza fahamu, msimtie kitu chochote mdomoni. Mlazeni ubavu na kumkimbiza hospitali. Mnaona, wapendwa, kwamba hata sukari ina siku yake ya kuwa dawa. Kila mgonjwa wa namna hiyo atembee na pakiti ndogo ya sukari au pipi mfukoni.

Katika sherehe, mgonjwa wa kisukari afuate haya:

a) Asiruke dawa na asiruke mlo. Akijua chakula kitachelewa, ale kitu kidogo kwa saa yake ya kawaida.

b) Sahani yake iwe hivi: nusu mboga za majani na kachumbari, robo nyama, samaki au maharage, na robo iliyobaki ndizi, wali au ugali. Ndizi, wali na viazi vyote kwa pamoja katika sahani moja ni wanga mara tatu.

c) Achague kitamu kimoja. Akitaka kipande kidogo cha keki, anywe maji na apunguze wali. Akitaka soda, anywe nusu glasi baada ya chakula na aache keki.

d) Asijiongezee dawa mwenyewe ili ale zaidi.

e) Akicheza ngoma au kutembea kwa miguu kurudi nyumbani, amejisaidia.

Kwa ndugu wa mgonjwa: msiwe askari wa sahani. Kumtangaza mtu mbele ya wageni, "Huyu asipewe, ana sukari!" ni kumvunjia heshima, na ndiko kunakomfanya ale kwa kujificha. Anayekula kwa kujificha hula haraka, hula kingi, na kliniki hasemi.

Na kwa kamati za sherehe: mnapohesabu kreti za soda, hesabuni pia maji safi ya kunywa na sahani za nanasi na papai. Wageni wengi wangechagua maji kama yangekuwapo mezani.

7. MASWALI MNAYOTUULIZA

Je, soda nyekundu huongeza damu? Hapana. Ni sukari, maji na rangi. Damu hujengwa kwa maini, nyama, dagaa, maharage na mboga za majani, pamoja na matunda machachu; na kwa kutibu malaria na minyoo. Ndugu wanaoleta soda wodini walete uji wenye maziwa, au supu.

Mtoto anaharisha, nimpe soda? Hapana. Sukari yake nyingi inaweza kuzidisha kuharisha. Apewe maji ya ORS na vidonge vya zinki kutoka zahanati, aendelee kunyonya na kula.

Nikila kitamu siku moja nimeharibu kila kitu? Hapana. Mlo unaofuata ule kama kawaida yako. Usijifungie njaa kama adhabu, maana njaa hiyo hukurudisha kwenye kitamu kwa nguvu zaidi.

8. NAMNA YA KUKIFURAHIA KITAMU

Ule ukiwa umeketi, si kwa kutembea. Ule polepole, baada ya chakula, usije ukakila kwa njaa. Ule pamoja na watu. Usikiweke nyumbani cha akiba, maana cha akiba kina miguu. Na uchague siku zake: Jumapili, Pasaka, Krismasi, ubatizo, harusi, au siku mtoto amefaulu. Anayekula sikukuu kila siku, sikukuu yenyewe ikifika hana cha kuifurahia.

KAZI YA MWEZI HUU

Nunueni kilo moja ya sukari, mwandike tarehe juu ya mfuko, muone inakwisha siku ya ngapi. Gawanyeni kilo hiyo kwa idadi ya watu wa nyumba na kwa siku hizo. Ikizidi gramu 25 kwa mtu kwa siku, anzeni kupunguza nusu kijiko.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Katika nyumba zetu, sukari nyingi inatoka wapi: katika sherehe au katika chai ya kila siku?

2. Mtoto wetu mdogo jana alikula nini kabla ya chakula cha mchana?

3. Sherehe ijayo katika Jumuiya yetu, mgonjwa wa kisukari atakuta nini mezani cha kumfanya ajisikie kuwa mgeni wa heshima?

4. Yupo mwenzetu aliyeacha kliniki? Nani atamtembelea na kumwambia kwamba bado anaweza kufurahi pamoja nasi?